Kapu la Arvo

Thunder Bay, Jumamosi, 1 Novemba 2008

Theluji ya kwanza iliyokaa. Nilifunga matairi ya theluji Jumatano, kabla mji mzima haujapanga foleni gereji, na nimejisifu kwa hilo kuliko linavyostahili.

Kambini kwa rafiki yangu Helvi, nyumba yake ndogo ya ziwani, saa kumi. Ni mara ya kwanza majira ya baridi kuingia sauna, kile chumba cha mvuke wa mawe ya moto, bila mumewe Arvo. Aliijenga mwenyewe mwaka 1963, alipokuwa bado zamu ya usiku kwenye kiwanda cha karatasi, na tangu alipofariki Julai mimi ndiye ninayempeleka Helvi ziwani kila Jumamosi, kwa sababu hakuwahi kujifunza kuendesha gari. Kuni za marehemu bado zimepangwa ukutani, kila gogo limeelekeza uso wake nje. Zitatosha baridi mbili.

Tulikaa benchi la juu, gizani, mawe yakinong'ona. Helvi akasema, "Taimi, lile kapu la Arvo limekuja kwangu sasa. Benki wameandika jina langu."

Nikamwambia, "Hapa si mahali pake."

Mama alitulea hivyo. Ndani ya sauna mtu hukaa kama kanisani: hakuna ugomvi, hakuna siasa, hakuna hela. Helvi ametoka Karelia kama mimi, upande wa Ufini tulioupoteza vitani, anajua.

"Haya, kanisa," akasema, akamwaga kata nzima ya maji kwenye mawe kwa makusudi, mvuke ukaniinamisha kichwa hadi magotini. Tulicheka sana.

Jumanne, 4 Novemba

Watu ishirini na wawili leo katika chumba cha chini cha maktaba. Mwaka jana Jumanne ya Maswali ilikuwa ikipata saba, na wawili kati yao walikuja kwa ajili ya joto. Hisa zikianguka, watu hukumbuka kwamba kuna bibi mmoja, mkutubi mstaafu, anayesoma zile kurasa za fedha ambazo wao huzitumia kuwashia jiko.

Mzee Ducharme, aliyeendesha basi la masafa marefu maisha yake yote, alisimama kama anayetangaza kituo.

"Mama Maktaba, hisa zangu zote ni za Kanada hii hii. Benki tano, reli, na bomba la mafuta. Mtu ataniambia nini?"

"Nitakuambia Kanada ni kipande kidogo cha masoko ya dunia, Mzee Ducharme. Senti tatu au nne katika dola."

"Kidogo? Wewe umewahi kuendesha basi kutoka hapa mpaka Winnipeg?"

Sikuweza kumshinda. Bi Kowalchuk akaniuliza kama auze.

"Uliniuliza wiki jana."

"Wiki jana hazikuwa zimeanguka hivi."

Nikarudia somo langu la kapu, ambalo Arvo alikuwa akilipenda mpaka akalipeleka nyumbani kwake. Mfuko wa uzeeni ni kapu. Hisa ni mayai yaliyomo. Ulipoweka, serikali haikukutoza. Ukifika miaka sabini na moja inakulazimisha uanze kutoa kidogo kidogo kila mwaka, na kinachotoka ndicho kinachotozwa. Basi ukiogopa mayai, badilisha mayai humo humo kapuni, weka fedha taslimu, weka hatifungani, hakuna atakayekuuliza. Mtoza kodi amekaa mlangoni, hakukaa kapuni.

Walinipigia makofi. Nilirudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu.

Jumamosi, 15 Novemba

Sauna. Samaki mweupe aliyefukizwa moshi. Barafu imeshika kingo za ziwa.

Alhamisi, 20 Novemba

Soko la Toronto limeanguka tena. Kapu langu limepungua kwa theluthi tangu kiangazi. Sijagusa kitu. Nilikwisha kufanya hesabu zangu mwezi wa Mei, nilipokuwa na akili tulivu, na mtu hapaswi kuzifanya upya akiwa anatetemeka. Nimesoma hadi chakula cha jioni.

Jumamosi, 6 Desemba

Siku ya uhuru wa Ufini. Mishumaa miwili dirishani, kama kawaida. Helvi alileta mkate wa iliki, na kahawa ilipomiminwa alianza kisa cha cherehani ya mama yake, ambacho nimekisikia mara nyingi na leo nilikisikiliza kwa nusu sikio.

Vita vilipowafukuza mara ya kwanza, mama yake aliifunga ile cherehani kwa turubai akaifukia kwenye shamba la viazi. Jeshi letu liliposonga mbele tena, mwaka 1942 wao wakarudi nyumbani. Wakaichimbua. Ikashona, na kutu yake. Ilipofika 1944 wakafukuzwa tena, Helvi akiwa na miaka kumi, na mama akaifukia pale pale, kwenye shimo lile lile.

"Nilimwambia, Mama, tuibebe. Kuna nafasi kwenye mkokoteni. Akasema, mara ya kwanza tuliikuta, tutaikuta tena." Helvi akachovya mkate kwenye kahawa. "Nafasi ilikuwepo, Taimi. Tulibeba pipa la maziwa lisilo na maziwa."

Nikasema kila familia ina cherehani yake. Ni maneno ya mtu aliyesoma vitabu vingi na asiyesikiliza.

Jumatano, 24 Desemba

Makaburini jioni, mishumaa elfu kwenye theluji. Mbele ya Arvo, Helvi alisema, "Huyu aliniambia kila kitu. Kila Jumamosi." Nilidhani anazungumzia mapenzi, nikasogea kando kwa heshima.

Jumanne, 6 Januari 2009

Swali la leo kwa kila kinywa ni ile akaunti mpya isiyotozwa kodi, elfu tano kwa mwaka. Je, nikitoa naweza kurudisha? Ndiyo, lakini mwaka unaofuata. Ukirudisha mwaka huu huu utapigwa faini. Nimelisema mara sita. Mzee Ducharme amekwisha kutoa na kurudisha, akanunua mashine ya kufagia theluji katikati. "Basi hiyo mashine ndiyo faini yangu," akasema.

Jumamosi, 17 Januari

Nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri. Gari limekataa. Hakuna sauna. Nilimpigia Helvi simu. Alitaka kusema kitu, kisha akasema si cha kwenye simu.

Jumamosi, 24 Januari

Benchi la juu tena. Nilimwaga kata ya kwanza. Kisha yeye:

"Mtu akiwa na kitu ndani, na kila mwezi anaona kinaoza—"

"Helvi."

"Naongelea viazi."

"Viazi vyako uliviuza Septemba."

Akacheka, nami nikacheka, na jambo likaishia hapo. Njiani kurudi nilimwambia aje maktaba Jumanne, mahali pa maswali ni pale.

"Nije nikae karibu na Ducharme aniangalie nikihesabu vidole? La, mwenzangu. Endesha."

Nakiri kwamba nilimwona mtu mwepesi. Watu wanakuja kutoka ng'ambo ya mto wakiburuza miguu kwenye barafu ili wasikie, na yeye ambaye ningempa jibu bure anafanya mzaha. Arvo alimdekeza, niliwaza. Alimfanyia yote.

Jumanne, 10 Februari

Mafua. Nimefundisha hivyo hivyo.

Jumatatu, 2 Machi

Nimempeleka Helvi mjini, alikuwa na shughuli benki. Foleni ilifika mlangoni. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kuweka fedha kwenye mfuko wa uzeeni kwa hesabu ya kodi ya mwaka jana, na kila mwaka mji huu huigundua siku hiyo asubuhi yake. Nilibaki garini nikisoma, hita imewashwa. Alitoka mchangamfu kuliko nilivyomwona tangu msiba. Akatununulia maandazi ya sukari ya waridi, moja moja, tukayala pale pale tukitazama ziwa jeupe. Alinifuta sukari kidevuni kwa glavu yake.

Redio ilisema soko limeanguka vibaya leo kuliko siku yoyote mwaka huu. Nilizima, tusiharibu maandazi.

Jumamosi, 14 Machi

Naandika polepole, nisije nikakosea.

Baada ya sauna tulikaa kwenye jiko la kambi, nywele zikiwa bado mbichi. Helvi alitoa bahasha ya benki chini ya bati la mkate, akaisukuma kwangu kama mtu anayelipa deni la karata.

"Wewe unajua kusema nao. Wamenipunja."

"Wamekupunja nini?"

"Nimetoa kapu la Arvo. Lote. Lilikuwa laki mbili na ushee alipofariki. Mwezi uliopita lilikuwa laki moja na elfu thelathini na nane. Nikasema kabla halijawa sifuri nitalibeba. Heri kenda shika. Sasa angalia, wameniwekea tisini na tisa. Elfu karibu arobaini ziko wapi?"

Niliweka kikombe chini. Nilisoma karatasi mara mbili ingawa mara moja ilitosha. Serikali ilikwisha kukata chake mlangoni, na huo ni mwanzo tu, kwa sababu kiasi chote kitahesabiwa kama mapato yake ya mwaka huu, kana kwamba Helvi Ranta, mjane, ni daktari wa upasuaji. Aprili ya mwakani watadai tena, elfu kumi na nne hivi kwa hesabu yangu. Kisha watampunguzia pensheni ya uzee, maana mtu tajiri namna hiyo haihitaji.

Nilimweleza. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani.

"Kwa hiyo ningefanyaje?"

"Ungeuza hisa humo humo ndani. Fedha ingekaa kapuni, salama kama unavyotaka, pasipo hata senti kuanguka. Halafu ungetoa kidogo kidogo kama alivyofanya Arvo."

"Inawezekana hivyo? Kuuza bila kutoa?"

"Inawezekana."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Akatazama dirishani. Nje kunguru alikuwa anapekua shimo la wavuvi kwenye barafu.

"Yule binti wa benki hakukuambia?"

"Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia mwanangu, mimi nilikuwa na hakika kabla mama yako hajazaliwa. Akataka kunieleza mambo ya kodi, nikamwambia nipe kalamu, watu wanangoja nyuma."

"Helvi, kwa nini hukuniuliza mimi?"

Hapo ndipo aliponigeukia. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Nilikuuliza. Mara mbili. Ukaniambia si mahali pake."

"Kuna mahali pengine. Gari. Simu. Jiko hili."

"Hapa unaniona uso. Nimekaa na mwanamume miaka hamsini na moja, na sijui mfuko ni nini na akaunti ni nini. Nikuambie hivyo mchana kweupe, wewe uliyeshika funguo za maktaba? Mle ndani ni giza. Mle mtu hana nguo, hana miwani, anaweza kuwa mjinga." Alikunja kitambaa cha mkate, akakikunjua. "Arvo alinieleza mambo ya hela mle mle. Kila Jumamosi. Mimi nauliza, yeye anajibu, hakuna anayemtazama mwenziwe."

"Ndani ya sauna?"

"Kanisa ni la mama yako, Taimi. Mama yangu aliuza ng'ombe ndani ya sauna."

Miaka zaidi ya arobaini nimeoga naye. Nilidhani desturi ile ni ya nchi yote tuliyoipoteza, kumbe ilikuwa ya nyumba yetu tu, vyumba viwili na mama mkali.

Tulipofunga mlango akasema, bila kunitazama, "Sikutaka kuiacha ardhini mara ya tatu." Nilihitaji kufika nusu ya njia ndipo nijue anasema habari za ile cherehani.

Jumatatu, 16 Machi

Benki, kisha ofisi ya kodi kwa simu, kisha benki tena. Wote wapole. Kwa umri wake, kilichotoka hakirudi. Nilikuwa nimekwisha kulijua hilo. Huwa nalifundisha Novemba.

Jumamosi, 21 Machi

Tulikwenda. Kila mmoja alimwaga maji kwa zamu yake.

Jumanne, 24 Machi

Bi Kowalchuk, leo: "Mwalimu, hivi naweza kuuza vilivyomo bila kutoa mfuko wenyewe? Au ni lazima vitoke?"

"Unaweza," nikasema. "Uza, acha humo humo." Kumi na tano walikuwa wananitazama wakingoja niendelee, kwa sababu kwa kawaida huwa naendelea. Nikaomba maji.

Baadaye Mzee Ducharme alinishikia koti. "Mama Maktaba, leo umejibu kwa ufupi. Unaumwa?"

"Ndivyo lilivyo swali. Ni fupi."

Ijumaa, 10 Aprili

Ijumaa Kuu. Raimo, mtoto wa Helvi, amekuja kutoka Calgary na kompyuta yake. Alifanya hesabu kwenye meza ya mama yake huku sisi tukikanda unga wa shayiri. Zile tisini na tisa, toa kodi ya mwakani, toa paa la nyumba ya mjini ambalo halitavumilia baridi nyingine. Kila mwezi kapu lilikuwa likimpa kiasi, na kiasi hicho ndicho kilicholipa kambi: ushuru wake, barabara yake, bima yake. Sasa hakipo. Kambi iuzwe.

"Mama haendeshi gari hata hivyo," akasema. Kisha akaniangalia, kijana mwenye adabu wa miaka hamsini. "Shangazi Taimi, si wewe ndiye unayefundisha mambo haya?"

"Ndimi."

"Mwache," Helvi akasema, akikata unga. "Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu."

Hakumwambia alikwenda kwa gari la nani. Sikumwambia pia. Nilijaza wali kwenye viduara vya unga na kubana kingo, na havikubana vizuri.

Jumatano, 22 Aprili

Daktari wa meno kutoka Winnipeg ameitazama kambi. Aliuliza kama sauna inaweza kubadilishwa iwe ya umeme.

Alhamisi, 30 Aprili

Soko limepanda mfululizo tangu wiki ya pili ya Machi. Kapu langu limerudisha sehemu nzuri ya lilichopoteza, kwa ustadi wangu wa kukaa bila kufanya lolote. Nimelificha gazeti chini ya kiti kabla Helvi hajaingia garini. Aliliona. Akaliweka sawa lisikunjike.

Jumamosi, 9 Mei

Barafu imeondoka wiki hii. Alhamisi ilikuwa ya kijivu na imejaa mashimo, jana upepo wa kusini ukaivunja, leo maji ni meusi na wazi na mabata wawili wako katikati kana kwamba hawakuondoka.

Yule daktari wa meno amenunua, na funguo anakabidhiwa Jumatano. Raimo amekwisha kuchukua mashua. Helvi hakutaka kuchukua chochote ila kata ya maji. Nilipendekeza tubebe kuni za Arvo, gari langu lingechukua nusu. Akasema, "Ziache. Daktari ataona baridi."

Nikawasha jiko mimi. Lilishika haraka, kuni zile zimekauka kama mifupa. Tukapanda benchi la juu. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nikingoja mawe yaanze kunong'ona.

"Helvi," nikasema, "uliza. Uliza lolote. Ya hela, ya kodi, ya benki. Hapa hapa."

Nilimsikia akipumua. Nilidhani amekasirika, au analia, na gizani hakuna njia ya kujua, kumbe ndiyo maana ya giza. Akachota maji, lakini hakumwaga. Kata ilibaki mkononi mwake.

"Ile cherehani ya mama," akasema mwishowe. "Unadhani kuna mtu aliichimbua?"

Nimekuwa mkutubi miaka thelathini na minne. Watu wamenijia na maswali ya kila namna, na aghalabu nimejua, au nimejua rafu ya kutazama.

"Sijui," nikasema.

"Ingekuwa vizuri kama mtu aliichimbua. Hata kama ni wale waliokaa kwetu baada yetu. Ilikuwa inashona vizuri."

"Ingekuwa vizuri."

Kisha akanitafuta mkono gizani, akanipa kata.

"Basi mwaga wewe," akasema. "Mimi nimeuliza."